Gari la theluji kwa matope ya Olenguruone

Leo tunaweka programu kando na kuzungumza magari. Najua kuna watakaouliza mtengeneza programu anatafuta nini chini ya boneti ya Subaru. Vumilieni kidogo, kwani swali ni lile lile tunalokutana nalo kila siku mbele ya tarakilishi: kitu kimebandikwa jina zuri kwa nje, je, kwa ndani kinafanya nini hasa? Tena kuna hesabu ndogo humu, kwa hivyo wanaokuja hapa kwa ajili ya hesabu hawatarudi mikono mitupu.

Kwanza niwape hali ilivyo. Nyumbani kwetu ni Olenguruone, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, kule juu kwenye milima ya Mau. Ni nchi ya viazi, maziwa na majani chai, baridi yake inakufanya uvae sweta mbili, na mvua yake haina habari na kalenda. Masika yakianza Machi, mara nyingi mvua huendelea mpaka Agosti. Kutoka Molo kupitia Keringet kuna lami mpaka mjini Olenguruone. Kutoka mjini mpaka bomani kwetu kuna kilomita 9 za udongo. Katika hizo 9, sita zinapitika wakati wowote. Tatu zilizobaki ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Mama yangu ana ugonjwa wa figo. Kila Jumanne na kila Ijumaa ni lazima afike Nakuru kusafishwa damu kwa mashine. Mara mbili kwa wiki ni safari 104 kwa mwaka. Sisi wa tarakilishi tumezoea kwamba ombi likishindwa unalituma tena baada ya sekunde chache. Hapa hakuna kutuma tena. Akikosa siku moja maji yanaanza kumjaa mwilini, pumzi inakuwa fupi, na siku ya pili yake nyumba nzima hailali. Masika yaliyopita gari la kukodi lilizama mara mbili na likavutwa na trekta ya jirani. Mara zote mbili mama alifika hospitalini, lakini alifika amechelewa na amechoka, na sote tukajua kwamba mara ya tatu huenda trekta isiwepo.

Najua mtauliza: kwa nini asihamie Nakuru? Tumemuuliza. Ana ng'ombe wanne, na jibu lake ni kwamba ng'ombe wanne hawahamii mjini. Mjadala ukaishia hapo.

Basi tukakaa kikao cha familia, ndugu wote watano, tukachanga tukafika shilingi laki tisa. Mimi ndiye nikapewa kazi ya kuchagua, kwa sababu ndiye "mtu wa mitambo". Kaka yangu mkubwa alikuwa na pendekezo moja tu: Probox. Nani atabishana na Probox? Imebeba viazi, mbuzi, wanafunzi na jeneza, na bado inadunda. Dada yangu alitaka pikapu. Lakini mama akitoka kwenye mashine anakuwa hana nguvu, presha imeshuka, anahitaji kulala. Pikapu inarusha sana ikiwa tupu, na viti vyake havilali. Kwa hivyo nikaandika mahitaji kama ninavyoandika kwa mteja: gari la familia lenye mgongo mrefu, kiti kinacholala, nafasi ya mizigo nyuma, na nguvu inayokwenda kwa magurudumu yote manne. Kwa lugha ya yadi za magari: wagoni ya 4WD.

Magari yaliyozaliwa kwenye theluji

Hapa kuna jambo nililolipenda sana. Karibu wagoni zote za 4WD tunazoziona Kenya zilitengenezwa kwa ajili ya kitu ambacho hatuna: theluji.

Chukua Subaru. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya eneo la Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa na tatizo. Mafundi wake walilazimika kupanda milimani wakati wa baridi kutengeneza nyaya, na magari yaliyoweza kupanda kwenye theluji yalikuwa majipu: baridi ndani, yanarusha, yanachosha. Wakaomba gari la kawaida, lenye starehe ya gari la kawaida, ila lisukume kwa magurudumu yote. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi wakachukua wagoni ndogo ya kusukuma kwa mbele, wakaifungia nyuma difu ya Nissan Bluebird, ikaenda. Mwaka 1972 Subaru ikatoa Leone wagoni ya 4WD kutokana na wazo hilo. Yaani wagoni hizi zina asili ya fundi wa umeme aliyetaka kufika kazini bila kuvunjika mgongo. Ukiondoa theluji ukaweka tope, na ukiondoa fundi ukaweka mgonjwa, ni ombi letu lile lile.

Theluji sisi hatuna, isipokuwa juu ya mlima Kenya. Tulichonacho ni sakitu ya asubuhi na mvua ya mawe. Kericho, jirani zetu, wanajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Na Septemba 2008 kule Busara, karibu na Nyahururu, barafu ya mawe ilifunika mlima mzima ukawa mweupe, na watu wakatoka kuishika wakiamini ni theluji. Lakini hiyo ni siku moja ya ajabu. Kwa dereva wa Olenguruone, theluji yetu halisi ni udongo uliolowa. Unateleza kama theluji, unajaa kwenye meno ya tairi kama theluji, tofauti ni kwamba hauyeyuki.

Beji ni beji tu

Sasa tuje kwenye mitambo. Nyuma ya gari pameandikwa 4WD au AWD. Wengi wanaishia hapo. Lakini kuna njia nyingi za kupeleka nguvu nyuma, na tofauti zake unazisikia ukiwa kwenye tope.

Toyota Fielder, ile wagoni ya Corolla, ipo ya 2WD na ya 4WD, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Usiamini beji, soma namba ya chasisi. NZE141 ni ya kusukuma mbele peke yake, NZE144 ni 4WD. Kwa toleo la kabla yake ni NZE121 na NZE124, na kwa la baadaye NZE161 na NZE164. Hiyo tarakimu ya mwisho, 1 au 4, ndiyo inayokwambia ukweli.

Ndani ya baadhi ya Fielder za 4WD, kati ya mbele na nyuma, kuna chombo kilichojaa visahani na mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakiteleza na kuzunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, yale mafuta yanakaza na kuanza kuburuta visahani vya upande wa pili, hapo magurudumu ya nyuma yanapata nguvu. Ni mtambo rahisi, hauna kompyuta, hauharibiki ovyo. Lakini tazama mpangilio wake: ni lazima mbele iteleze kwanza. Kwenye theluji nyepesi hilo si neno. Kwenye tope letu, ule muda mfupi wa kuteleza unatosha kwa tairi za mbele kujichimbia shimo.

Subaru za giaboksi ya mkono zina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu wakati wote, na ndani yake kuna chombo kama kile cha silikoni cha kuzuia upande mmoja usikimbie peke yake. Subaru otomatiki za spidi 4 zina klachi ya visahani vingi inayoamriwa na kompyuta: inasoma kasi ya mbele, kasi ya nyuma na mguu wako kwenye mafuta, kisha inakaza au inalegeza. Daima kuna nguvu kiasi inayokwenda nyuma hata kabla ya kuteleza. Kwa mtu wa programu hiyo ni raha kuisoma.

Ila hata hapo kuna mpaka. Kwenye kila ekseli, nguvu hufuata gurudumu lililo rahisi kuzunguka. Gurudumu moja la mbele likining'inia na moja la nyuma, la upande wa pili, likining'inia pia, gari la 4WD la kawaida linaweza kusimama likizungusha hayo mawili kama feni. Matoleo mapya yanatumia breki kulizuia gurudumu linalozunguka bure, na yanasaidika. Ya bajeti yetu, mengi hayana.

Hesabu ya mlima wetu

Tulipokuwa tukibishana haya yote, mama alisikiliza weee, kisha akasema: "Mnaongea kupanda, kupanda. Mimi kupanda sina shida nako. Tukishuka pale kwa daraja mimi hufunga macho."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye hesabu. Nikaenda mpaka pale, nikalaza rununu yangu juu ya ubao, programu ya kupima mwinamo ikasoma digrii 8 na nusu. Hiyo ni mteremko wa karibu asilimia 15. Kwa tope nikaweka msuguano wa 0.2, ambao ndio watu hutumia sana kwa theluji iliyoshindiliwa. Lami kavu huwa karibu 0.7 au 0.8.

Kupanda kwanza. Gari lenye magurudumu manne yanayosukuma linatumia uzito wake wote kushika ardhi, kwa hivyo kwa msuguano wa 0.2 linaweza kupanda mpaka karibu asilimia 20. Gari la kusukuma mbele linatumia uzito ulio juu ya tairi za mbele tu. Weka abiria na viazi nyuma, kisha liinue pua kuangalia mlima, mbele panabaki kama asilimia 55 ya uzito. Zidisha 0.2 kwa 0.55, unapata asilimia 11. Mlima wetu ni 15. Samahani kaka yangu mkubwa, lakini Probox ya kusukuma mbele haipandi hapo siku ya tope, na hilo si suala la ujasiri wa dereva.

Kushuka sasa. Umbali wa kusimama ni huu:

umbali = kasi × kasi ÷ (2 × 9.8 × (msuguano − mteremko))

Kasi iwe mita kwa sekunde. Kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao mtu yeyote atauita wa pole, ni mita 5.56 kwa sekunde. Kwenye tope tambarare gari linasimama kwa karibu mita 8. Kwenye mteremko ule ule mkavu, chini ya mita 3. Kwenye mteremko wenye tope: 0.2 ukitoa 0.15 inabaki 0.05, na umbali unakuwa zaidi ya mita 31. Mita 31! Na mlima ukifika asilimia 20, ndani ya mabano panabaki sifuri. Gari halisimami kabisa mpaka likutane na kitu.

Sasa angalieni kilichokosekana kwenye hiyo kanuni. Hakuna mahali pameandikwa 4WD. Magari yote yana breki kwenye magurudumu manne, Probox na Prado vilevile. Kusukuma kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka na kupanda. Kwenye kusimama na kukata kona, anayeamua ni tairi, mteremko na kasi. Faida moja ipo: ukishuka kwa gia ya kwanza, ile nguvu ya injini ya kuzuia mwendo inagawanywa kwa magurudumu yote badala ya mawili, kwa hivyo si rahisi mbele kufunga na usukani kupoteza kazi. Lakini jumla ya mshiko ni ile ile.

Maana yake ni kwamba gari la 4WD linakufikisha juu ya milima ambayo lile la kawaida lingekukatalia tokea chini. Ukishafika juu, kuna upande wa pili wa kushuka. Mama alikuwa ameona jambo hilo kwa macho yaliyofumbwa kabla yangu na programu yangu.

Kama mnadhani natia chumvi, rudini kwenye Safari Rally. Subaru ilijenga jina lake hapa: Patrick Njiru akimaliza wa nne mwaka 1994 kwa Impreza, Colin McRae akishinda 1997, Richard Burns 2000. Lakini kabla ya hapo, 1984, 1985 na 1986, Safari ilichukuliwa na Toyota Celica ya kusukuma nyuma peke yake, wakati Audi Quattro za magurudumu manne zilikuwa tayari uwanjani. Gari la kwanza la magurudumu manne kushinda enzi hizo lilikuwa Audi ya Hannu Mikkola, 1987. Kumaliza barabara zetu kulihitaji gari gumu, tairi na akili ya dereva kwanza. Na wale walikuwa na helikopta juu ikiwachungulia njia. Mama hana helikopta.

Tumbo la gari

Jambo la pili nililopima ni makorongo. Malori ya majani chai na viazi yakipita kwenye tope yanaacha mifereji miwili, na katikati panabaki tuta. Gari dogo likiingia, tairi zinakwenda chini na tumbo linakaa juu ya tuta. Likishakaa tumbo, hata ungekuwa na magurudumu manane yanayosukuma, yote yanazunguka hewani.

Nikachukua utepe wa kupimia. Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa na kina cha sentimita 18. Kwenye yadi moja Nakuru nikaingia chini ya Fielder ya 4WD: utepe ukasoma 16. Subaru Outback imeandikwa sentimita 20, na Forester ya kuanzia 2008 inazidi hapo kidogo. Fielder ikatoka kwenye orodha. Inakunywa mafuta kidogo kuliko hizo mbili, vipuri vyake viko kila duka, ningeipenda sana. Lakini nilikuwa nachagua kwa ajili ya kilomita tatu mbaya, si kwa zile nzuri za kutoka Molo kwenda Nakuru.

Chumvi ya Hokkaido

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa laki tisa, Outback ya umri huo ni ndoto. Kwa hivyo tulikuwa tunanunua lililokwisha tumika huku kwetu, mkononi kwa mtu.

Hapa theluji inarudi kwa mlango wa nyuma. Nani kule Japani hununua wagoni ya 4WD? Aghalabu ni mtu wa Hokkaido, Tohoku na sehemu nyingine za baridi. Na barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari. Kwa hivyo gari la 4WD, kwa sababu tu ni la 4WD, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa limeliwa na kutu chini huku juu linang'aa kama sahani ya harusi. Kama muuzaji bado ana karatasi ya mnada ya Japani, tafuteni herufi S na C. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati.

Tulikagua magari manne pamoja na fundi wetu, mzee mmoja mpole ambaye hulaza gunia chini akaingia bila kuuliza bei. Forester ya kwanza ilikuwa na kutu kwenye mahali shokamzoba za nyuma zinaposhikiliwa. Fundi akatoka, akajipangusa, akaniambia, "Kijana, twende." Forester ya pili ilikuwa na matairi manne ya aina tatu. Hili watu hulipuuza. Kwenye gari la 4WD la wakati wote, tairi zikitofautiana ukubwa hata kidogo, mtambo wa katikati unadhani magurudumu yanateleza muda wote, unakaza na kuchemka kila kilomita mpaka unakufa. Anayeendesha hivyo ameshaukaanga mtambo, na bili yake inakungoja wewe.

Tukapata Outback moja ya 2007, injini ya lita 2.5, otomatiki ya spidi 4, chini kavu. Nikafanya majaribio mawili zaidi. La kwanza: Subaru nyingi za otomatiki hii zina kishikizo cha fyuzi kilichoandikwa FWD ndani ya boneti. Ukichomeka fyuzi hapo, nguvu ya nyuma inakatwa, kusudi uweze kutumia tairi la spea dogo. Kuna wanaoichomeka na kuiacha ili kuficha giaboksi inayogonga kwenye kona. Hii kilikuwa kitupu, na tulipokata usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole, haikugonga wala kushika.

Jaribio la pili ni joto. Injini za lita 2.5 za miaka hiyo zinajulikana kwa gasketi ya hedi kuvuja. Tuliiendesha saa nzima mpaka juu Mau Summit na kurudi, kisha fundi akatazama kama kuna mapovu kwenye chupa ya maji ya rejeta, na kama mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Safi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji hakuwa na risiti, kwa hivyo tulihesabu kwamba haujabadilishwa, tukapunguza bei kwa kiasi hicho na kufunga mpya kabla ya kurudi nyumbani.

Fedha zilizobaki hazikwenda kwenye redio wala rimu. Zilinunua tairi nne mpya za aina moja, zenye meno mapana yanayotema tope, na nyororo mbili. Nyororo za magurudumu si za theluji peke yake, waulizeni madereva wa pikapu za viazi. Za kwetu zilitengenezwa na fundi wa jua kali kwa kipimo cha tairi zetu. Kwa Subaru zinafungwa mbele, kwa sababu mbele ndiko unakokata kona na ndiko breki inakofanya kazi zaidi.

Kanuni tulizobandika kwenye dashibodi

Gari ni nusu ya mfumo. Nusu ya pili ni kanuni, na hizi ndizo tulizokubaliana ndugu wote wanaoendesha:

1. Juu ya mteremko wa daraja, gari linasimama kabisa. Gia ya kwanza, halafu kilomita 10 kwa saa, si 20. Rudini kwenye kanuni: kasi ikigawanywa kwa mbili, umbali unagawanywa kwa nne. Mita 31 zinakuwa karibu 8.

2. Nyororo zinafungwa mjini, kwenye lami, kabla ya tope. Kufunga nyororo ukiwa umeshazama ni adhabu.

3. Tairi zote nne hubadilishwa pamoja. Hakuna kununua moja.

4. Hakuna kufuata mfereji wa lori kwa sababu tu umeshachongwa. Kama ni mrefu kuliko alama tuliyoipaka kwenye fimbo, tunapita kando au tunarudi.

5. Nyumbani kuna kopo la kupimia mvua. Jumatatu na Alhamisi jioni mama hulisoma mwenyewe. Likizidi milimita 20 na mawingu bado yapo, anashuka jioni hiyo hiyo kungali kunaonekana, analala kwa dada yangu Nakuru.

Hiyo ya tano ndiyo niliyoipigania zaidi, na ndiyo iliyozua maneno. Kaka yangu aliuliza, kama bado tunalala Nakuru siku za mvua kubwa, hizo laki tisa zimenunua nini? Nikamwonyesha hesabu. Mlima wa asilimia 15 tumeuvuka, ambao gari la kukodi halikuweza. Siku za tope la kawaida, ambazo ndizo nyingi, mama anakwenda na kurudi siku moja, amelala kwenye kiti. Zimebaki siku chache ambazo msuguano unashuka chini ya 0.15, na siku hizo hakuna beji itakayomsimamisha mtu pale darajani. Programu nzuri inajua mahali pa kukataa ombi, na inakataa mapema, kabla ya kuharibu data. Data yetu ni mama.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Outback inaweza kubeba magunia matatu ya viazi. Inaweza, lakini inashusha tumbo kwa sentimita kadhaa, kwa hivyo Jumanne na Ijumaa haibebi. Siku nyingine achukue.

Kwa anayetafuta gari la namna hii, popote alipo, iwe Kinangop, Elgeyo, Lushoto au Kabale, ushauri wangu ni mfupi. Tafuta kilomita mbaya kuliko zote kwenye njia yako. Pima mteremko wake kwa rununu na kina cha makorongo yake kwa utepe. Peleka hizo namba mbili kwenye yadi pamoja na fundi asiyeogopa kuingia chini ya gari, na uweke pembeni pesa za tairi kabla hujaanza kupatana bei. Rangi na redio utachagua ukifika nyumbani.

Masika yakiisha nitawaletea takwimu: safari ngapi kati ya zote, usiku mangapi tumelala Nakuru, nyororo tumezifunga mara ngapi, na petroli imekula kiasi gani, maana hiyo lita 2.5 ina kiu. Mpaka hapo, shukeni polepole.